Bomba la Gesi Likidukuliwa: Tuamini Kompyuta au Geji?

Bomba la gesi linalotoka Madimba, Mtwara, likapita Somanga hadi Kinyerezi, Dar es Salaam, limefukiwa ardhini karibu kilomita 500. Bomba la urefu huo huwezi kulifunga mita kila hatua. Unaweka chache, kisha kompyuta inakokotoa presha ya sehemu zisizo na mita. Kazi hiyo ndiyo makadirio ya hali ya mfumo. Kwenye gridi za umeme iliasisiwa na Fred Schweppe wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1970.

Hesabu hizo zina kinga yake. Mita ikisoma mbali na makadirio, inashukiwa na kuwekwa kando. Kwa mita iliyoliwa na kutu ya chumvi pale Msimbati, kinga hiyo inatosha. Kwa mwizi mwenye akili haitoshi. Mwaka 2009 watafiti Yao Liu, Peng Ning na Michael Reiter walionyesha kuwa mdukuzi anayeujua mfumo anaweza kuchezea mita kadhaa kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake, na tofauti ile isiongezeke hata kidogo. Wakulima wa korosho wataelewa upesi: karani wa mizani ya chama cha msingi na yule wa ghala kuu wakila njama, vitabu vitalingana na kilo zitakuwa zimeshaliwa.

Wapo wanaosema dawa ni programu kali zaidi, kengele ilie kwa tofauti ndogo tu. Hoja yao ina uzito, maana mashambulizi haya si hadithi. Kirusi cha kompyuta kiitwacho Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliharibu mashinepewa (mashine zinazozunguka kwa kasi kurutubisha urani) za kiwanda cha Natanz, Iran, huku waendeshaji wakionyeshwa namba za kawaida zilizorekodiwa awali. Ila kengele inayolia kwa kila upepo nayo ni balaa. Ikifunga valvu bure, mitambo ya umeme ya Dar es Salaam inakosa gesi. Ikilia bure mara kwa mara, watu wa zamu wanaizoea na kuipuuza. Halafu kuna ukomo ambao programu haiwezi kuuvuka: mita zilizotekwa zikifika nusu, hakuna hesabu itakayokuhakikishia ukweli uko upande gani.

Wengine wanataka turudi kwa binadamu na geji ya mshale, isiyo na waya wala intaneti. Wanapenda kuitaja Ukraine, Desemba 2015, wateja wapatao 225,000 walipokatiwa umeme na wadukuzi. Mafundi walikwenda vituoni kuwasha swichi kwa mkono, umeme ukarudi baada ya saa chache. Sawa, lakini umeme ulikuwa umeshakatika. Kwenye gridi mambo huharibika ndani ya sekunde, na hakuna fundi wa kuwahi hapo.

Gesi ni kitu kingine, na hapa ndipo mabishano mengi yanapopotea njia. Bomba nene na refu hubeba akiba ndani yake. Presha yake hushuka polepole, kwa saa. Muda huo unamtosha mtu kusoma geji na kupiga simu. Kwa hiyo kwa bomba naegemea upande wa geji, kwa umeme siegemei. Na fedha za ulinzi nisingezitawanya kwenye kila mita. Ukilinda kikamilifu mita chache zilizochaguliwa kwa hesabu, zile zinazotosha kukadiria mfumo mzima, ujanja ule wa 2009 hauna pa kupita.

Geji nayo ina gharama zake. Masika barabara za porini Lindi hazipitiki kirahisi, na mtu anaweza kuhongwa kama karani wa mizani. Isitoshe, geji haina maana kama fundi anaambiwa kwanza namba ya kompyuta ndipo aende kusoma; mshale ukiwa katikati ya vistari viwili ataandika kile alichoambiwa. Asome kwanza, aandike, apige simu kwa laini isiyopita kwenye mfumo uleule, na aliye chumba cha udhibiti ndiye alinganishe.