Kabogo naye apewe kamera

Mi nina laibrari ya muvi hapa Mwanga, Kigoma, watu wanakuja na flashi nawawekea wanachotaka, na ukiacha tamthilia za Kituruki na Kikorea kinachoulizwa sana siku hizi ni dokumentari za mambo ya kale, miungu ya zamani, majoka, nguva, viumbe wa ajabu wa baharini. Na mimi mwenyewe ndo ugonjwa wangu huo, nimekesha nazo siku nyingi mpaka adhana ya alfajiri inanikuta macho, kwa hiyo haya ninayoyasema sio ya mtu anayezichukia.

Kinachoniuma ni namna wanavyowaweka watu wenye hadithi yao. Inaanza ngoma nzito, ukungu juu ya maji, sauti ya besi inasema "wenyeji wanaamini", anaonyeshwa bibi kakaa mlangoni sekunde tatu hata jina hapewi, alafu anakuja mtaalamu mwenye kabati la vitabu nyuma yake huyo anaongea mpaka mwisho. Yaani wenyeji kazi yao kuamini, mtaalamu kazi yake kujua.

Sasa chukua jambo la hapahapa kwetu. Novemba 1871 Stanley, mwandishi wa habari, yuko njiani anakaribia Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone, akasikia mngurumo kama radi ya mbali, akauliza ni nini kile, akaambiwa ni Kabogo, mlima wa Ziwa Tanganyika wenye mashimo makubwa, upepo ukivuma maji yanaingia mule ndani yanatoa sauti kama radi, na mitumbwi mingi imepotelea pale, ndo maana wanaopita wanatupa kitambaa au shanga kumtuliza mungu wa ziwa. Stanley aliyaandika hayo, yapo. Hebu msikilize vizuri huyo mtu aliyemjibu. Kwa pumzi moja kaeleza upepo, mashimo, maji, sauti vyote vinavyofanya kazi, na hapohapo kaeleza shanga, na hakuona kama moja linalifuta lingine. Dokumentari ya leo ingemkata vipande viwili, shanga wangebaki nazo "wenyeji", mashimo na upepo angepewa mtu wa kabati la vitabu aseme kama yeye ndo kagundua!

Nililielewa hili vizuri mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti samaki wazaliane. Wavuvi walikuwa hawana pa kwenda, wengine wanashinda kwangu. Kuna mzee mmoja amevua dagaa na migebuka tangu enzi za karabai, siku hiyo kakaa kwenye ndoo iliyofunikwa anaangalia ile ya nguva ya Animal Planet ya 2012, ile ambayo wanasayansi wake walikuwa waigizaji na ilishtua watu mpaka NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya mambo ya bahari, ikatoa tamko kwamba haujawahi kupatikana ushahidi wa binadamu wanaoishi majini. Mzee aliangalia yote kimya, mikono yake imepasukapasuka kwa kamba, kidole kimoja hakikunjiki. Mwisho akaniuliza, "Mwanangu, hao wavuvi wa huko mbona hawajaulizwa wanapita wapi na hawapiti wapi?"

Swali zito hilo. Maana mvuvi hadithi yake sio ya kutishia watoto, ni ramani. Ukiambiwa mahali fulani pana mwenyewe, usipige kelele, usipite mchana upepo wa kusini ukishaamka, ujue pale pameua watu. Ziwa letu lina kina kinafika kama mita 1,470, linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi tu dunia nzima, mtu akizama katikati hapo ndo basi, sasa unategemea watu wa ziwa la namna hiyo wasiwe na neno la kuliheshimu?

Alafu kuna hili la neno "wapagani", maana sio wote wanaoitwa hivyo wanapewa heshima sawa. Nimeona dokumentari za kina Odin na Thor, miungu ya kale ya Ulaya ya kaskazini, zimepigwa vizuri sana, taa, mavazi, muziki wa kwaya, kila kitu kwa heshima, na kule Iceland serikali iliitambua dini hiyo ya kale rasmi mwaka 1973, watu wanafungishwa ndoa kwa hiyo. Sina neno, ni haki yao. Ila ikifika zamu ya Imana, Mungu wa Waha na Warundi, au mizimu, au Waswezi, kile chama cha watu wa mizimu cha huko Tabora kwa Wanyamwezi, taa zinazimwa, linaletwa fuvu na mshumaa, na jina linakuwa uchawi. Na sisi wenyewe tunatafsiri hivyohivyo, nimesikia ma-DJ wetu humu vibandani, miungu ya Wagiriki wanaita "miungu", ya kwetu wanaita "mashetani". Hapo siwezi kumlaumu Mzungu peke yake.

Zipo zilizofanya kazi nzuri kidogo. Ile ya 2004 ya mamba Gustave, huyo wa Burundi upande Mto Rusizi unapoingilia ziwani, aliyekadiriwa kuzidi mita 6, walimtengenezea mtego wa chuma mkubwa kuliko gari na hakuingia, na hawakuficha kwamba wameshindwa. Niliipenda kwa hilo. Lakini mi nilitaka pia dakika kumi za mama anayechota maji pale kila asubuhi, anaangalia nini kabla hajaingiza ndoo.

Basi yule mzee nilimwomba nimrekodi. Akakataa, wiki iliyofuata akaja mwenyewe kavaa kanzu na kofia. Simu niliiegemeza kwenye spika, nikarekodi dakika arobaini, upepo unasikika, pikipiki zinapita, na yeye anaeleza baba yake alivyokuwa anatupa unga kidogo majini wakifika rasi, na papo hapo anaonyesha kwa mkono mawimbi yanavyogeuka kwenye mwamba na kwanini mtumbwi ukikaa ubavu unapinduka. Nimelipa faili jina Kabogo. Anayekuja na flashi namwekea bure, juu ya muvi zake. Mpaka sasa wameichukua watu kumi na wawili, na mmoja karudi kuuliza sehemu ya pili inatoka lini.