Oksijeni ya kasi kwa mtoto mchanga: ianze au isubiri?

Mtoto wa miezi mitano analetwa wodini. Mafua yana siku tatu, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, ziwa analishika na kuliachia. Hii ni bronkiolaitisi: vijia vidogo vya hewa vimevimba na kuziba kwa ute, mara nyingi kwa sababu ya virusi vya RSV. Antibiotiki hazivigusi virusi. Kinachobaki ni kumlisha, kumpa maji ya kutosha na oksijeni.

Ubishi uko kwenye namna ya kuitoa oksijeni hiyo. Njia iliyozoeleka ni mrija wa puani, lita moja au mbili kwa dakika. Mashine za kasi huchanganya oksijeni na hewa, zikaipasha joto na kuitia unyevu, kisha zikaisukuma kwa takriban lita 2 kwa kila kilo ya mtoto.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Katika utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2018, wenye watoto 1,472, tiba ilishindwa kwa asilimia 12 ya walioanza na kasi, dhidi ya 23 ya walioanza na mrija wa kawaida. Ukiishia hapo utatafuta pesa ya mashine kesho asubuhi. Lakini siku za kulazwa hazikupungua. Na kati ya walioshindwa na mrija, asilimia 61 walitulia walipohamishiwa kwenye kasi. Basi kusubiri kuligharimu nini? Kwa maoni yangu, kidogo sana, ilimradi mtoto ana mtu wa kumtazama.

Sharti hilo ndilo gumu kwetu. CPAP ya mapovu, njia nyingine ya kumsukumia mtoto hewa kwa shinikizo lisilokatika, ambayo mrija wake wa kutolea pumzi huzamishwa kwenye chupa ya maji, ilipunguza vifo vya watoto wenye nimonia kali huko Dhaka, Bangladesh. Ilipopelekwa hospitali ya wilaya nchini Malawi, walikufa asilimia 17, dhidi ya 11 waliopewa oksijeni ya kawaida. Nimonia si bronkiolaitisi, na baadhi ya watoto wa Malawi walikuwa na utapiamlo au VVU, kwa hiyo nisivute kamba kupita kiasi. Ila Dhaka madaktari walikuwapo karibu. Malawi hawakuwapo wodini kila siku.

Hospitali ya wilaya ikiniuliza inunue nini kwanza, nitataja oksimita ya kidole cha mtoto, yaani kipimo cha oksijeni ya damuni, konsentreta (mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani) isiyozimika umeme ukikatika, na muuguzi wa pili wa zamu ya usiku. Mashine ya kasi ifuate, na ikae karibu na meza ya huyo muuguzi.