Kaboni ya nano: bomba la lori au bomba la boila?

Simama Usa River jioni malori yanapopanda kuelekea Arusha. Macho yanawasha hata pale moshi mweusi usipoonekana. Ule weusi ni masizi tu. Oksidi za nitrojeni huwezi kuziona kirahisi, na moja yake haina rangi kabisa. Zinatokea ndani ya injini au tanuri, joto likipanda hadi nitrojeni na oksijeni za hewa hii tunayovuta zikaungana.

Dawa yake inajulikana. Moshi unachanganywa na amonia au urea, ileile ya mahindini, kisha unapitishwa kwenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuisha, na oksidi hizo hutoka zikiwa nitrojeni na mvuke. Kichocheo kilichozoeleka ni oksidi ya metali ya vanadi juu ya oksidi ya titani, nacho kinataka nyuzi 300 hadi 400. Ndiyo maana watafiti wakaigeukia kaboni ya nano, yaani kaboni yenye maumbo madogo mno yasiyoonekana kwa macho, hasa vile vijirija (mirija midogo mno ya kaboni) vilivyopata umaarufu tangu 1991. Chembe za oksidi ya manganizi zikitandazwa juu yake hazigandamani, na zinafanya kazi hata chini ya nyuzi 250. Kwa boila ambayo moshi wake umeshapoa, huhitaji kuchoma mafuta zaidi ili kuupasha upya. Faida hiyo ni ya kweli.

Ila kaboni inaungua. Moshi wa injini ya dizeli bado una oksijeni, lori likipanda mlima bomba linachemka, na metali iliyowekwa juu ya kaboni ndiyo inayoharakisha kuungua kwake. Salfa nayo huungana na amonia na kuziba vitundu, hasa kwenye joto dogo, palepale kaboni inaposifiwa. Isitoshe, vijirija hivyo mara nyingi huchemshwa kwanza katika asidi ya nitriki ili metali ishike, na asidi hiyo hutoa moshi wa kahawia wa oksidi zilezile tunazopigana nazo! Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina moja ya vijirija hivyo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Anayevishika kiwandani ni mtu mwenye mapafu.

Kwenye malori, basi, siioni nafasi yake. Kwenye boila za kuni naiona, maana kuni zina salfa kidogo, na hata hapo ningeanza na mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi sana, wa maganda ya kahawa kutoka mji wa Moshi, badala ya vijirija. Shika konzi moja ya maganda hayo: mepesi, makavu, yanapasuka mkononi. Shida iko kwenye majivu yake, yamejaa potasiamu, nayo hudhoofisha kichocheo na kuharakisha kuungua. Lazima mkaa uoshwe vizuri kwa maji, kisha kwa asidi hafifu.

Pale Tengeru, karibu na Arusha, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza kichujio cha maji cha nano kilichoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Uwezo upo. Waichukue boila moja ya kuni, waweke tabaka la mkaa huo njiani mwa moshi, wapime gesi kabla na baada, na kila wiki waupime mkaa wenyewe kwenye mizani. Uzito ukishuka, unaungua.