18, 33, 90: hesabu ya magenge na vijana wa base

Machi 2002, siku chache baada ya watu zaidi ya 20 kuuawa Kariobangi Kaskazini, Nairobi, katika ugomvi wa magenge ya Mungiki na Taliban (la mtaani, si lile la Afghanistan), serikali ya Kenya ilipiga marufuku makundi 18. Oktoba 2010, chini ya sheria mpya ya kuzuia uhalifu wa kupangwa, yakatajwa 33. Desemba 2016 waziri wa usalama wa wakati huo, Joseph Nkaissery, akatangaza 90.

Mtu atasema, na ana haki, kwamba orodha hizo hazilingani. Zile 18 zilijaa majeshi ya wanasiasa, na zile 90 zilizoa vikundi vya kila pembe ya nchi, vingine havijulikani nje ya mtaa wao. Kuhesabu kwa makini zaidi si dalili kwamba kitu kimeongezeka. Nakubali. Lakini hata ukizikata nusu, sioni namna ya kuzisoma zikaonyesha kwamba marufuku imezaa matunda. Genge halina cheti cha usajili kinachoweza kufutwa. Ukilipiga marufuku jina, vijana wanabaki pale pale base, maskani yao, kwenye jiwe lile lile nje ya kinyozi, wakitafuta jina jingine. Ndiyo maana nasema tuwape vijana hao hao kazi ya kutuliza mtaa wao.

Wanaotaka mkono wa chuma nao wana hoja, na wanastahili kusikilizwa bila kudharauliwa. Mwishoni mwa Machi 2017 ilisambaa video kutoka Eastleigh ya polisi aliyevaa kiraia akimpiga risasi kijana aliyekuwa tayari chini. Wengi tulishtuka. Lakini wapo wafanyabiashara na wakazi waliomsifu yule afisa waziwazi, na si kwa sababu wana roho mbaya. Mama anayetoka Huruma saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kuchukua nyanya, na ameshanyang'anywa mtaji mara mbili, ukimwambia habari ya semina ya amani atakuuliza kama semina itamrudishia pesa zake.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Ukikusanya vijana wa mtaa ukawaambia walinde mtaa, umeunda jeshi. Mungiki nayo ilitoza ploti pesa za usalama. Na tarehe 17 Juni 2025 tuliwaona vijana katikati ya jiji, juu ya bodaboda, na rungu na mijeledi mkononi, wakiwachapa waandamanaji huku polisi wakiangalia. Hao nao walikuwa vijana waliohamasishwa.

Mimi naisoma siku ile tofauti. Kijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hajawahi kukosa wa kumpanga. Mwanasiasa anamjua kwa jina, ana namba yake, anamfuata mpaka base na kumtumia mia tano ya chai. Chifu anamngoja barazani saa nne asubuhi, na barazani huendi ukiwa unatafutwa. Hata Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana tulioiazima Tanzania na kuipa nguvu baada ya shambulio la Westgate 2013, ilimfanya kijana awe mtu wa kuripotiwa. Mzee wa Nyumba Kumi anapeleka habari zake kwa chifu, zinafika kituoni, basi. Sheria ya polisi ya 2011 inaagiza kamati za ulinzi wa jamii, na karatasi yake ni nzuri. Shida ni kwamba vikao vingi nilivyohudhuria, mwenye umri mdogo kuliko wote alikuwa yule aliyeleta maji ya chupa.

Dandora ilijengwa miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti zikizunguka viwanja vya pamoja. Baadhi ya viwanja hivyo viligeuka majaa na maficho, hadi vijana walipoanza kuvirudisha kimoja kimoja, kazi ambayo Dandora Transformation League imeifanya ijulikane mbali: wanafagia, wanapanda maua, wanaosha magari, wanayalinda usiku kwa ada ndogo. Jamaa yangu anaishi jirani na kiwanja kimoja cha aina hiyo. Nilipomtembelea, mgeni mwingine alikuwa amenyang'anywa simu stejini. Kijana mmoja wa pale alifunga bomba, akajifuta mikono kwa fulana, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Baada ya saa moja hivi alirudi na simu ndani ya karatasi ya mkate, laini imeshatolewa, kioo kina ufa mpya. Nilimuuliza amewalipa ngapi. "Sijalipa. Nimewaambia tu huku ni kwetu."

Polisi akisikia kisa hicho atauliza mara moja: kumbe anawajua? Ndiyo, anawajua, na bila hivyo simu isingerudi. Kwa afisa wa kituo huyo ni mshukiwa. Picha za vijana kama yeye zimewahi kubandikwa Facebook kama onyo, na baadhi yao wakauawa baadaye. Tunamtaka mtu anayeweza kuongea na wezi, lakini tunataka pia awe hajawahi kukaa nao.

Chicago kazi ya kijana huyo ina jina na mshahara. Mwaka 2000 daktari Gary Slutkin, aliyekuwa amepambana na kipindupindu Somalia na UKIMWI katika ukanda wetu huu, alianza West Garfield Park mpango wa kuajiri watu wanaojulikana mtaani ili wawahi kwa mwenye hasira kabla hajalipiza kisasi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana: mtaa mmoja ulitulia, mwingine haukubadilika sana. Sitauza hiyo kama dawa.

Ninayoirudia usiku na mchana ni hesabu ya Monrovia, mji mkuu wa Liberia. Watafiti wakiongozwa na Chris Blattman waliwachukua wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, mihadarati na ugomvi, wakawagawa makundi manne kwa kura. Wa kwanza walipata wiki nane za mafunzo ya kujizuia, kupanga maisha na kujiona watu wengine, wakifundishwa na Waliberia ambao baadhi yao waliwahi kubeba bunduki vitani. Wa pili walipewa dola 200 mkononi. Wa tatu wakapata vyote viwili. Wa nne hawakupata kitu. Pesa peke yake ililiwa ikaisha. Mafunzo peke yake yalisaidia mwanzoni, kisha yakafifia. Lakini waliopata vyote viwili, miaka kumi baadaye, uhalifu na ukatili wao ulikuwa bado chini kwa karibu nusu ukiwalinganisha na wasiopata kitu. Gharama yote kwa mtu mmoja ilikuwa kama dola 530, yaani chini kidogo ya shilingi 70,000 kwa kiwango cha sasa.

Kinachonisumbua ni kwamba hizo dola 200 hazikuwatajirisha. Faida ya biashara ndogo walizofungua ilipotea mapema; wengine waliibiwa. Watafiti wanadhani pesa iliwanunulia muda tu: miezi kadhaa ya kuvaa vizuri, kuuza vitu vidogo, kusalimiwa na jirani, mpaka tabia mpya ikakolea.

Sasa tuangalie tulichofanya sisi. Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa ajira za muda, ilianza Aprili 2020, vijana wakazibua mitaro na kufyeka nyasi kwa malipo ya siku, hela inaingia kwenye simu. Wengi wa mitaani watakwambia walilala usingizi miezi ile. Mwaka 2022 ikaisha, na koleo zikarudishwa. Hiyo ilikuwa pesa bila mazungumzo. Upande wa pili kuna mashirika yenye mazungumzo bila pesa: siku tatu hotelini, soda, fulana yenye neno amani, cheti. Leo vijana wako kando ya Mto Nairobi chini ya ClimateWorX, mpango mwingine wa serikali wa kusafisha mazingira, na sijasikia kwamba anayewasimamia ana kazi nyingine zaidi ya kuhesabu waliofika.

Monrovia si Mathare, na watu 999 si jiji. Yule mama wa nyanya pia bado anahitaji polisi anayepokea simu saa kumi alfajiri. Hilo halina mbadala. Lakini gharama ya risasi na mazishi hatuiandiki popote, halafu tunaiita shilingi 70,000 ya kijana ubadhirifu.

Mwezi uliopita nilipita tena Dandora. Kijana wa bomba alinieleza kwamba kuna watu wamefika base na kijitabu, wakaandika majina na namba za simu za wote waliokuwepo. Alipouliza ni za nini, akaambiwa ni za basari. Yeye alimaliza kidato cha nne 2014.