Mkwe Asiye na Kashe

Siku ya mahari yangu, mjomba alisimama mbele ya wazee wa upande wa mke, akakitoa cheti changu kwenye bahasha polepole, kama mtu anayetoa hati ya nyumba. "Kijana wetu," akasema, "ni mtafiti wa soko aliyeidhinishwa."

Cheti kikazunguka mkono kwa mkono. Mzee mmoja akakigeuza, akatazama mgongo wake. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akauliza: "Kashe iko wapi?"

Kashe, yaani muhuri, haikuwepo. Cheti kilikuja kwa intaneti kutoka chama kimoja cha ng'ambo, nami nikakichapisha kwenye kibanda cha fotokopi. Kwetu Lubumbashi, Kongo, karatasi isiyo na kashe ni ya kufungia karanga. Mjomba akajaribu kuniokoa. Akaeleza kwamba kazi hii ina sheria zake, kwamba ESOMAR, chama cha watafiti wa soko kilichoko Amsterdam, iliziandika tangu 1948, wakati mji wetu ungali unaitwa Elisabethville.

"Miaka yote hiyo," mzee akajibu, "bado hawajapata pesa ya kashe?"

Mahari ilipita hivyo hivyo, kwa ahadi. Mbuzi mmoja akabaki deni. Mama mkwe hakutia neno, ila nilimwona akimtazama binti yake kwa jicho la mtu aliyeuziwa unga kwa meka, kopo la kupimia, iliyobonyezwa chini.

Sasa, wanaodhani ukishakipata cheti cha namna hii umemaliza, wamekosea. Cheti cha ubatizo unakipata mara moja, hata ukiacha kwenda kanisani hakuna anayekuja kukudai. Hiki changu kinataka kulishwa kila mwaka. Lazima uonyeshe saa za kujiendeleza: kozi, semina, kusoma, kufundisha wenzako, na kila saa iwe na ushahidi wake. Mwaka ule semina zangu mbili za mtandaoni zilikatika pamoja na umeme, moja ikiwa imebakiza dakika kumi. Novemba ikanikuta napungukiwa saa sita.

Mungu akaleta kazi. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kujua watu wa Katuba, sehemu ya mji wetu, wananunua bunga gani, yaani unga wa mahindi, ya hapa au ile ya Zambia inayoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, na kwa nini. Nikaajiri vijana sita wa kuhoji watu, maanketeri kama tunavyowaita, na nikajipangia kuwafunza siku nzima kazini. Kufundisha kunahesabika. Nikawatengenezea kadi za kifuani zenye picha, na safari hii sikurudia kosa: nilikwenda kwa fundi nikachongesha kashe ya mviringo, yenye wino wa buluu, nikagonga kadi zote sita. Niligonga hata daftari langu, kwa raha tu.

Asubuhi tulianza na majaribio. Fomu ilikuwa ya Kiswahili, imeandikwa huko huko Nairobi, Kiswahili safi. Mwanzoni kuna maswali ya kuchuja, maana hutakiwi kumhoji mtu mwenye maslahi katika jambo lenyewe. Mojawapo lilisema: "Je, kuna mtu katika nyumba hii anayeuza unga?" Akijibu ndiyo, unamshukuru, unaondoka.

Nyumba ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo. Vijana sita wakagonga milango kumi na minane, na yote kumi na minane ikaonekana ina wafanyabiashara wa unga. Kijana mmoja akarudi akitoka jasho: "Chef, Katuba yote ni wachuuzi. Nani anakula?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu Lubumbashi, kuuza ni kutoa pesa upewe kitu. Anayetoa kitu apewe pesa, huyo anauzisha. Mama wa watu anaulizwa kama anauza unga, atasemaje hapana wakati bukari, yaani ugali, inapikwa kila siku? Nikachukua kalamu, nikasahihisha fomu zote kwa mkono: anayeuzisha. Vijana wakanitazama kama nabii. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Nikiwa na kichwa hicho, nikawahubiria kuhusu kuchagua nyumba. Nchi hii sensa yake ya mwisho ni ya 1984, kwa hiyo orodha ya kaya za leo hutaipata ofisi yoyote. Tunachofanya ni kuchagua mahali pa kuanzia, kushika upande wa kushoto na kuhesabu, kila lupango la tano, yaani kila ua wa tano, unaingia. Huruki kwa sababu mbwa ni mkali, wala huongezi kwa sababu umesikia harufu ya samaki. "Mtafiti hachagui nyumba," nikasema, kidole juu. "Nyumba ndiyo inamchagua mtafiti." Na nikaongeza sheria nyingine: mhojaji asimhoji mtu anayemfahamu.

Nikashika zamu ya kumfuata binti mmoja wa Likasi, mpole, mwenye hati nzuri kuliko ya daktari yeyote niliyewahi kutibiwa naye. Tulianzia kanisani, avenyu nne mbali na pale nilipokuwa na sababu zangu za kukwepa. Lakini tukakuta avenyu imezibwa na mtaro wa mvua, tukapinda kushoto kama sheria inavyotaka, kisha tena kushoto. Binti anahesabu kwa sauti. Alipofika "mbili" niliutambua mwembe. Alipofika "tatu" niliona geti la buluu.

"Tano," akasema, akasimama mbele ya lupango la mama mkwe wangu.

Nilitafuta sheria ya kuniokoa. Asiyepaswa kumfahamu mhojiwa ni mhojaji, na binti wa Likasi hamfahamu mama mkwe hata kwa ndoto. Na mimi ndiye niliyeinua kidole. Nikamwambia, "Ingia. Nitasikiliza nikiwa nje, nisikubabaishe." Nikajibanza nyuma ya ukuta wa matofali, kando ya mama mmoja anayeuzisha makala, yaani mkaa.

Ndani nikasikia hodi, kiti kikiburutwa, binti akijitambulisha na kuomba ridhaa vizuri kabisa. Majibu ni siri, jina halitatajwa. Kisha swali la kuchuja: "Je, kuna mtu katika familia yako ya karibu anayefanya kazi ya uandishi wa habari, matangazo ya biashara, au utafiti wa soko?"

Nikafumba macho. Sema ndiyo, mama. Sema ndiyo, binti akushukuru, sote tuende zetu.

"Hapana," akasema mama mkwe. Kimya kidogo. "Niko na bukwe moja anazunguka na makaratasi, anauliza watu bei ya vitu, hauzi kitu. Lakini ile haiko kazi."

Nikasikia kalamu ya binti imesita. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe: usimsaidie mhojiwa kujibu, usimbishie. Kalamu ikatia alama. Hapana.

Ikafuata kadi ya Kish, ile jedwali ya Leslie Kish ya 1949 ya kuamua ni mtu mzima yupi wa kuhojiwa, wanaume kwanza kwa umri, kisha wanawake. Baba mkwe wa kwanza, shemeji wa pili, mama mkwe wa tatu, mdogo wa mke wangu wa nne. Kadi ikataka wa tatu. Bila shaka.

"Papa," mama wa makala akaniambia kwa sauti ya kuita basi, "unauza makala ao unalinda ukuta?"

Nikamwekea noti haraka, akanipa mfuko mzima. Nikaukumbatia, shati langu jeupe likaaga dunia. Ndani walikuwa wamefika swali la kumi na moja: mara ya mwisho kupata unga bila kuununua ilikuwa lini, na ulitoka kwa nani?

"Ule bukwe niliokuambia. Aliahidi gunia la kilo 25 na mbuzi. Gunia lilifika. Mbuzi ingali njiani, mwaka wa pili huu. Andika."

"Nimeandika, mama."

"Soma nisikie."

Akamsomea. Neno kwa neno, nilivyomfundisha.

Jioni nilikaa na fomu. Moja kati ya kila kumi huwa naikagua upya, na hii hata nisingeichagua ilinikodolea macho. Jibu la kuchuja si kweli: katika familia kuna mtafiti wa soko. Fomu inapaswa kufutwa. Lakini huwezi kufuta bila kuandika sababu. Nikakaa na kalamu muda wa kuiva bukari mbili. Mwishowe nikaandika: "Mkwe wa mhojiwa ni mtafiti wa soko aliyeidhinishwa."

Kesho yake Nairobi wakajibu, kwa adabu zote: mhojiwa amekana mwenyewe, je, msimamizi ana ushahidi?

Nikawatumia cheti. Wakakipokea bila kuuliza kashe, wakaifuta fomu. Kwa miaka yote niliyokuwa nacho, hiyo ndiyo siku ya kwanza cheti kile kilinifanyia kazi. Saa sita nazo zikakubaliwa. Mbuzi nilimkuta baadaye kwenye jedwali la matokeo, amewekwa kwenye safu ya "Mengineyo" kabla fomu haijaondolewa. Mke wangu mpaka leo anauliza kwa nini nilinunua makala Katuba na kuyabeba kifuani.

Jumapili tulikwenda kuwasalimu wakwe. Nikala kwa heshima, macho chini. Mama mkwe akasubiri maji ya kunawa yafike.

"Kulikuja hapa binti mmoja," akaniambia. "Wa Likasi. Ana adabu. Anaandika vizuri. Anauliza mambo ya bunga."

"Eeh, mama." Ningesema nini? Majibu ni siri, na hata kuhojiwa kwenyewe ni siri.

"Mtafute. Muombe akuingize pale kwao. Ile yake ni kazi ya kweli."

"Ndiyo, mama."

"Nimeona kadi yake na macho yangu," akasema, akimgeukia baba mkwe ili naye asikie. "Iko na kashe. Ya buluu."

Kashe yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu. Nikanawa mikono.