Namba za mtafiti wa moyo: tuziamini au tuzipotezee?

Hivi mtu akikwambia profesa fulani ni kiboko kwenye utafiti wa moyo maana ana indeksi ya h ya 120, unaelewa nini hapo? Wengi tunatikisa kichwa tu kama tumeelewa. Maana yake wala haitishi: ana makala 120 ambazo kila moja imenukuliwa na wenzake mara 120 au zaidi, basi. Aliyeileta ni mwanafizikia, Jorge Hirsch wa California, mwaka 2005, na madaktari wa moyo wala hawakuwa kichwani mwake.

Ngoja niitetee kwanza, maana siku hizi kuiponda imekuwa fasheni. Ukiiondoa unabaki na nini? Unabaki na kujuana, mzee mwenye jina anaandika barua ya kumsifia kijana wake na kazi imeisha. Namba angalau haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Na kuna kazi ambazo namba yake inasema kweli tupu, chukua jaribio la ISIS-2 la 1988, wagonjwa 17,187 waliopata shambulio la moyo, kidonge cha aspirini tu, kile kile cha maumivu ya kichwa, kikapunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu robo. Hiyo ikinukuliwa maelfu ya mara nani atabisha?

Ila sasa, fani ya moyo ina mambo yake. Majaribio ni makubwa, yanahitaji vituo vingi, kwa hiyo makala moja inatoka na majina ishirini juu yake, na ikinukuliwa wote wanahesabiwa sawa, aliyekuja na wazo na aliyeleta wagonjwa wanne. Halafu kuna miongozo ya matibabu, hii ndiyo siri ya mjini: mwongozo wa moyo kufeli ukitoka, kila anayeandika kuhusu moyo kufeli lazima aunukuu, kwa hiyo ukikaa kwenye kamati mbili tatu profaili yako inapaa kama mkate wenye hamira, na hapo hujagundua kitu, umekusanya walichogundua wengine (kazi ngumu, sikatai, lakini ni kazi nyingine). Na hata namba yenyewe inategemea umeichungulia wapi, zipo tovuti za kuhesabu nukuu, na mtu yule yule Google Scholar mara nyingi inampa nyingi kuliko Scopus kwa sababu inazoa kila kitu.

Hayo yote bado naweza kuyavumilia. Kinachonisumbua ni kwamba kunukuliwa kunakuonyesha watu walikuwa wanatazama wapi, hakukwambii kama walichokiona kipo. Piero Anversa pale Boston alisema moyo una seli shina zinazoweza kuukarabati, dunia nzima ikamfuata, maabara zikafunguliwa, hela zikamwagika, makala juu ya makala zikimnukuu. Mwaka 2017 hospitali aliyokuwa anafanyia kazi ikakubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai kwamba data za kuombea fedha za serikali zilikuwa za kughushi, na 2018 Harvard ikayaambia majarida yafute makala 31 zilizotoka maabara yake. Miaka yote hiyo ukifungua profaili ulikuwa unaona nyota tu.

Wa pili anauma zaidi, Don Poldermans wa Rotterdam. Tafiti zake zilisema mgonjwa apewe dawa za beta-bloka (zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo) kabla ya upasuaji ili kuulinda moyo, na yeye mwenyewe aliongoza kamati ya mwongozo wa Ulaya wa 2009. Mwaka mmoja kabla ya huo mwongozo, jaribio la POISE lenye wagonjwa 8,351 lilikuwa limeshaonyesha kwamba dawa ya kundi hilo inapunguza shambulio la moyo kweli, ila waliokufa na waliopata kiharusi wakawa wengi zaidi. 2011 chuo chake kikamfukuza kwa kukiuka maadili ya utafiti, yeye akasema makosa yapo lakini hakukusudia. Hapo nukuu zilishatoka kwenye karatasi zikafika kitandani kwa mgonjwa.

Kwa hiyo mimi namba naitumia, ila kama kengele ya mlangoni tu, ndani naingia mwenyewe. Nafungua makala zake tano zinazonukuliwa sana, naangalia jina lake limekaa wapi, ni jaribio au ni mwongozo, na je kuna mtu baki aliyerudia akapata jibu lile lile. Nusu saa inatosha.

Na naangalia ugonjwa wenyewe, maana hapa ndipo namba zinapoponza wengine. Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyefariki 2018, na wenzake walichukua wagonjwa 1,400 kutoka nchi 8 za Afrika wenye kifua kikuu kilichoshambulia utando wa moyo, wakajaribu kuwapa prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Vifo haikupunguza, ila utando kukakamaa na kuubana moyo kulipungua, huku kwa wenye virusi vya Ukimwi saratani zikiongezeka. Majibu hayo yalitoka 2014 na daktari anaweza kuyatumia kesho yake asubuhi. Sasa ugonjwa huo kwenye nchi zenye maabara nyingi na waandishi wengi ni wa nadra, niambie wewe, nani wa kuinukuu makala hiyo mara elfu kumi?