Msitu wa Agosti si wa Machi

Nilimwonyesha mzee mmoja wa Sikonge, mkoani Tabora, mfuga nyuki, ramani niliyoitengeneza kwa picha mbili za setilaiti: moja ya Machi, nyingine ya Agosti ya mwaka uliofuata. Rangi nyekundu, yaani mahali ukijani ulipopotea, ilikuwa imetapakaa kote. Nikamwambia, "Babu, msitu umekwisha." Akaitazama, akacheka. "Mjukuu wangu, Agosti miyombo imepukutika na moto umeshapita. Mizinga yangu imo humohumo unamosema hamna kitu."

Setilaiti haikukosea. Kosa lilikuwa kwenye folda zangu: "tabora_mpya", "tabora_mpya2", "tabora_ya_mwisho_kabisa". Tarehe ya kupigwa picha ilikuwa ndani ya jina refu la faili la awali, nami nikalifupisha ili lipendeze.

Tunahangaikia mno kuzipata picha, na kuzipata si kazi tena. Hazina ya picha za Landsat, setilaiti za Marekani, inayoanzia 1972, ni bure tangu 2008. Jozi ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, hupita palepale kila siku 5, kwa pikseli (vijiraba vinavyounda picha) za mita 10. Tunachokosa ni mazoea ya kutumia programu inayoichukua tarehe kama sehemu ya data yenyewe.

Mimi nimehamia GRASS GIS, programu ya kuchambua ramani. Ilianzia jeshini Marekani miaka ya 1980, na sura yake ya kizamani bado haijastaafu. Siku za mwanzo utaitukana. Lakini ukishaandikisha picha zako pamoja na tarehe zake, inazishika kama mfululizo mmoja. Unaiomba wastani wa kila Agosti, inakupa. Unaiuliza pengo liko wapi, inakuonyesha, na kwetu Tabora pengo ni kubwa: kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu yamefunika, ukipata picha safi ushukuru. QGIS, programu nyingine ya ramani, nayo ina kidhibiti cha muda tangu 2020, kizuri kwa kutazama, ingawa kwa hesabu za miaka mingi naona hakitoshi.

Google Earth Engine, inayochakata picha hukohuko mtandaoni? Naitumia. Inakuepusha kupakua magiga kwa bando la kuungaunga. Ila wengi huishia kubeba ramani iliyokamilika bila kumbukumbu ya picha zipi ziliingia humo, na hapo tumerudi kwenye folda zangu.

Kumbukumbu hiyo si urembo. Tangu 25 Januari 2022 utaratibu wa kuchakata Sentinel-2 ulibadilika, na thamani za pikseli zikaongezewa 1000. Asiyeitoa hiyo 1000 ataona ukijani umeshuka ghafla mwezi huo, tena katikati ya mvua, wakati hakuna aliyeshika shoka. Programu ikitunza toleo la uchakataji sambamba na tarehe, utaligundua kabla hujamlaumu mkulima.

Nilirudi Sikonge na ramani nyingine, Agosti kwa Agosti, miaka sita. Wekundu ulikuwa umepungua sana, vimebaki viraka vidogo pembezoni mwa barabara. Mzee hakucheka. Alivipitia kwa kidole, kimoja kimoja, akitaja nani analima tumbaku wapi na nani anachoma mkaa. Majina hayo sikuyaandika popote.